Boti Sikuitoa: Maisha ya Damiana Nampunju, 1948–1999

Baba Paroko, wazee wa Kibiti, ndugu zetu mliotoka Mohoro na visiwani: Tumsifu Yesu Kristo. Asalamu aleikum. Naitwa Hilari Nampunju, mdogo wake marehemu, tumbo moja. Kijitabu mlichoshika kimeandikwa na kamati ya mazishi. Ukurasa wa tatu unasema kwamba wakati wa kipindupindu mimi nilijitolea boti yangu "kwa moyo wa Kikristo". Jana niliposoma maneno yale niliyafuta kwa kalamu. Kwa hiyo nitasoma ya kwangu, na mwenyekiti wa kamati tafadhali asinivute koti.

Marehemu Damiana alizaliwa tarehe 27 Septemba 1948 katika kijiji cha Lukuledi, Masasi, mtoto wa tatu wa Mzee Gervasi Nampunju na Mama Emerensiana. Mimi nilimfuata miaka saba baadaye, na yeye ndiye aliyenibeba mgongoni. Mama alipenda kusimulia kwamba Damiana akipewa muhogo alikuwa anauvunja, anatazama kipande kipi kikubwa, kisha ananipa hicho. Nami huku natafuna, macho yangu yako kwenye kile chake. Tangu utotoni tulijulikana.

Alisoma shule ya msingi hapohapo Lukuledi, kisha shule ya kati ya wasichana ya misheni. Mwaka 1966 alianza mafunzo ya uuguzi na ukunga, akahitimu 1969.

Mwaka 1971 alipangiwa kazi Mohoro, na mwaka 1984 akahamishiwa zahanati ya Mbwera, huko deltani, penye visiwa vya mlango wa mto. Mkunga wa jadi wa Mbwera alikuwa Bi Sikudhani, naye hakumtaka. "Kiwembe changu hiki kimekata vitovu vya kijiji kizima," alimwambia. Marehemu akamjibu, "Nakiheshimu, bibi. Basi tukichemshe." Wakakichemsha kwenye birika la marehemu. Wakawa marafiki mpaka bibi alipofariki, ila bibi hakunywa tena chai ya nyumba ile.

Miaka ya ruksa ilipoingia, kila mtu huru kufanya biashara, baadhi ya wenzake walifungua maduka ya dawa, na dawa zilizokosekana zahanati zikaonekana kwenye makabati yao. Kinyaa kitupu! Marehemu alifuatwa mara mbili awe mshirika. Aliwakaribisha uji, akawasindikiza hadi gatini, akarudi kazini.

Tarehe 7 Julai 1973 alifunga ndoa na Mwalimu Gaudensi Chilumba. Mungu aliwajalia watoto wawili, Klotilda na Siprian. Mwalimu alifariki mwaka 1989.

Mwaka 1992 kiwanda cha korosho nilikokuwa nafanya kazi kilifungwa, nikaja Mbwera na begi moja. Marehemu aliuza cherehani yake ili niongezee nipate boti ya mashine. Nikaanza kununua kambamiti kwa wavuvi, nawalaza kwenye barafu, nawapeleka Nyamisati, gati ya bara, kwa wanunuzi wa Dar es Salaam. Wale wanunuzi walikuwa wakiinamia boti na kuinusa kabla hata hawajakusalimu. Boti ikiwa na harufu yoyote, umekwisha.

Jumamosi tarehe 10 Januari 1998, mvua zile za El Nino hazijakatika, kipindupindu kilikuwa kimeingia Mbwera na maji ya dripu yalikuwa yamekwisha. Mzee Mtoro alinijia asubuhi akiwa na mkewe Mwamini mgongoni. "Hilari, nistiri ndugu yangu. Wagonjwa ni kumi na watatu. Tufikishe Nyamisati kwenye dripu." Mnajua nilimjibu nini mtu yule? Nilimwambia, "Mkono mtupu haulambwi." Mtu anabeba mkewe, mimi namtolea methali! Najichukia mpaka leo.

Marehemu alifika, akasema, "Hilari, utamwaga wewe au nimwage mimi?" Akaingia botini na kanga yake imefungwa kiunoni, akamwaga barafu, kambamiti, kila kitu majini. Nami nikafanya jambo ambalo sijalisema popote. Nikachukua dumu la petroli, nikalificha nyuma ya choo. Nilijiambia bila mafuta watakata tamaa, boti itapona.

Hawakukata tamaa. Maji yalikuwa yanajaa; marehemu na Mzee Mtoro wakashika pondo na kuisukuma boti kwa mikono. Kwa mashine ni mwendo wa saa mbili tu. Wao waliondoka saa moja asubuhi, wakafika saa kumi jioni. Walipanda wagonjwa kumi na watatu, wakafika hai kumi na mmoja. Mwamini alifia njiani, na mtoto Twalha, wa miaka minne, naye alifia njiani.

Nyamisati waliuliza boti ya nani. Marehemu akasema, "Ya mdogo wangu Hilari." Hapo ndipo sifa zangu zilipoanzia. Nilipewa cheti, nikapigiwa makofi kanisani, nikatiwa kwenye kamati ya kanisa. Naye, aliyewaosha wagonjwa wale kwa mikono yake, alipokuja kusali hapa alikaa benchi zima peke yake majuma matatu, kwa sababu sisi Wakristo wa Kibiti tuliogopa kumkaribia. Msiinamishe vichwa. Mlikuwapo, nami nilikuwapo, na sikuhama kwenda kukaa naye.

Novemba 1998 aligundulika na kansa ya titi. Alitibiwa Dar es Salaam, kisha akaletwa hapa Kibiti. Siku moja nikimpa uji nilimuuliza kwa nini alinisitiri. Akasema, "Nilidhani ukisifiwa utaona aibu, utubu. Wewe ukaona raha." Akamaliza uji wake, akaniomba nimgeuze upande wa pili. Alifariki Jumanne tarehe 8 Juni 1999, saa tano asubuhi.

Marehemu ameacha watoto wawili, wajukuu wanne, na watu kumi na mmoja wa Mbwera ambao ningewaona wote wakifa kwa ajili ya tenga la kambamiti. Ameacha na mdogo mmoja, mimi.

Mzee Mtoro, nakuona hapo nyuma. Umekuja tangu alfajiri na vijana wako kumchimbia kaburi Mkristo. Ulijua habari ya dumu, ukanyamaza kwa sababu dada alikuomba. Leo nimekutua mzigo. Mkeo aliuawa na dumu langu. Ukinikataza kushika jembe hapa, nitakaa pembeni, na ni haki yako. Nangoja neno lako, si la kamati.

Dada Damiana, ulale kwa amani ya Bwana. Mimi bado.