Chaki ya Mtu wa Pili

Tarehe thelathini mwezi huu, saa kumi jioni, Mzee Chaki atavua ovaroli yake na kuitundika kwenye msumari ulio nyuma ya mlango wa karakana yetu ya magari ya wagonjwa. Atakuwa ametumikia miaka thelathini na mmoja. Anastaafu miaka miwili kabla ya wakati wake, kwa barua aliyoiandika mwenyewe. Mhariri wa jarida hili ameniomba mimi, fundi mwenzake wa shimo la pili la kutengenezea magari, niandike wasifu wake, na amesisitiza uwe mchangamfu. Nimejaribu. Panapochekesha nitawachekesha, lakini nisidaiwe zaidi ya nilicho nacho.

Aliingia hapa kama muosha vyuma. Ofisi yake ilikuwa beseni la mafuta ya taa na brashi iliyopukutika nusu ya nywele. Baada ya miaka mitatu akapewa spana, na baada ya kumi akawa fundi mkuu wa miguu ya mbele, yaani kila kitu kinachowezesha gurudumu kukata kona na kupita kwenye shimo bila kung'oka. Huko ndiko alikojulikana kwa kazi ya boljointi. Kwa ndugu zetu wa ofisini wasiotambaa chini ya magari, boljointi ni kifundo cha chuma, kikubwa kama yai, kinachoshikanisha gurudumu na mwili wa gari kama nyonga inavyoushika mguu. Kikichakaa, gari hugonga kwenye kila tuta. Kikichomoka, gurudumu hulala upande na usukani hauna tena wa kumwamuru.

Sikio lake lilikuwa la ajabu. Gari lilipopita juu ya kifuniko cha mtaro pale getini, yeye akiwa ndani na kikombe chake cha chai, aliinua kidole kimoja ikiwa ubovu uko kushoto, viwili ikiwa uko kulia. Kuna dereva tuliyemwita Redio, kwa sababu alipandisha muziki ili asisikie gari likilalamika. Siku moja alibisha kwamba gari lake ni zima. Mzee Chaki akamwambia, "Gari halijui kusema uongo, mwanangu. Shuka." Tulipolipandisha kwenye jeki, gurudumu lilicheza kama jino la mtoto. Redio aliomba radhi, akazima muziki kwa wiki nzima, kisha akarudia tabia yake.

Jina la Chaki alilipata kwa sheria aliyoitunga. Katika mwaka wake wa sita hapa, fundi mmoja aliitwa chai akiwa katikati ya kazi, akarudi akiamini kwamba nati ameshaifunga. Gari lilitoka, gurudumu likaanguka, dereva akavunjika mtulinga. Kosa halikuwa la Mzee Chaki, lakini alilibeba kana kwamba ni lake. Kesho yake alikuja na boksi la chaki, akatutangazia kwamba kuanzia leo anayefunga hajikagui. Fundi akimaliza boljointi, mtu wa pili anainama na kugusa kwa kidole ile pini ndogo inayopita kwenye tundu na kuizuia nati isijifungue. Gurudumu likisharudishwa, mtu huyo huyo analitikisa juu na chini, kisha anaandika alama yake kwenye tairi. Tairi lisilo na chaki, mlinzi hafungui geti, hata akiombwa na meneja. Kwa miaka ishirini na mitano baada ya hapo, hakuna gurudumu lililoanguka kutoka kwenye gari letu. Tuzo tatu zilizotundikwa ukutani kwa meneja zimetokana na kipande kile cha chaki kilichokaa juu ya sikio la mzee mmoja.

Sasa nifike pagumu.

Mwaka jana, wakati wa mvua, Mzee Chaki alishika ekzosi, bomba la moshi, ya gari lililokuwa limetoka barabarani muda huo huo. Aliishika kwa kiganja chote, akaendelea kuzungumza. Sisi ndio tuliosikia harufu kabla yake. Akaiachia, akautazama mkono wake kama wa mtu mwingine. Tulicheka sana. Mimi nilicheka kuliko wote, nikamwambia, "Mzee, mikono yako sasa ni koleo." Naye akacheka, akaufunga mkono kwa kitambaa na kurudi shimoni. Kumbe kisukari kilikuwa kimeshakula hisia za vidole vyake, na yeye alijua. Fundi wa chini ya gari huona kwa vidole zaidi ya macho. Alikuwa anafanya kazi gizani mchana kweupe, na hatukuuliza.

Wahenga walisema mganga hajigangi. Gari lake mwenyewe la nyumbani lilikuwa likigonga mbele kwa miaka minne. Mkewe, ambaye karakana nzima inamwita Shangazi, alikuwa akiyahesabu matuta kwa sauti kila walipotoka, na akifika kumi anamuuliza mumewe yeye ni fundi wa wapi. Shangazi ana dada mgonjwa anayeishi mwendo wa kutwa nzima kutoka hapa, na alikuwa ameahidiwa kupelekwa gari likitengenezwa. Basi Jumapili moja asubuhi, miezi mitatu iliyopita, Mzee Chaki aliliegesha uani, akakaza breki ya mkono, akaweka mawe nyuma ya magurudumu. Alilegeza nati za gurudumu, akapandisha jeki, akakalisha gari juu ya stendi za chuma, akatoa gurudumu. Alichomoa pini, akafungua nati kubwa, akagonga kwa nyundo hadi kifundo cha zamani kikaachia. Alisafisha kitako, akaweka kipya, akakaza, akakunja pini. Shangazi alikaa kwenye kigoda akimpa spana. Alipoona anarudisha gurudumu, aliuliza kile alichokisikia mezani kwake kwa miaka ishirini na mitano: "Na mtu wa pili ni nani?"

Mzee Chaki alimjibu, "Hapa nyumbani hakuna geti, mama."

Shangazi alivaa nguo yake ya safari. Mtaa wa pili, penye fundi cherehani, Mzee Chaki alikata kona, na gurudumu la kushoto likalala. Gari liliburuzika hadi ukingoni mwa mtaro na kusimama. Shangazi aligonga kioo, akashonwa nyuzi tatu juu ya jicho. Pini ilikutwa imekunjwa vizuri sana, ikiwa imelala nje ya tundu, haijafunga chochote. Watu walimkuta mzee amepiga magoti barabarani, anaipapasa na kuipapasa tena. Alimwambia mkewe kwamba hajui kama anashika chuma au hewa.

Jumatatu alileta barua. Aliandika kwamba kwa mwaka mzima vidole vyake havisikii, kwamba alikaa kimya kwa aibu, na kwamba magari yote aliyoyafunga katika muda huo yasitoke mpaka yakaguliwe. Meneja alitusomea, kisha akatutuliza. Alisema hakuna cha kuogopa, kwa kuwa kila kazi ya Mzee ilikuwa na chaki ya mtu wa pili.

Mtu wa pili nilikuwa mimi.

Kwa mwaka mzima sikugusa hata pini moja. Nilikuwa nikisimama pembeni ya gari lake nikizungumza habari za mpira, nikisubiri arudishe gurudumu, kisha naandika alama yangu na kwenda zangu. Mtu huyu ndiye aliyenifundisha kushika spana. Ningewezaje kutikisa gurudumu alilolifunga yeye? Niliona kumtikisia ni kumwambia amezeeka. Niliiita heshima. Nikikumbuka sasa jinsi alivyokuwa akinipa chaki, akichelewa kidogo kuiachia, akinitazama, naamini alikuwa ananiomba, na mimi nilimjibu kwa habari za mpira.

Yalikuwa magari kumi na tisa. Tuliyakagua siku tatu. Kumi na saba yalikuwa sawa. Mawili pini zilikuwa nje ya tundu, na kwenye moja kati ya hayo alama yangu ilikuwa bado haijafutika, imeandikwa kwa mwandiko mzuri juu ya tairi. Ijumaa iliyotangulia gari hilo lilimleta mama mjamzito wa mapacha kwa njia mbovu ya saa tatu. Nati ilikuwa imebakiza mizunguko miwili ianguke. Mama huyo hajui, na watoto wake wanaendelea vizuri. Mimi najua, na tangu siku ile sijapata raha.

Mzee Chaki hakunigombeza. Nilikwenda kwake kuomba radhi, akasema, "Hata mimi ningemwonea haya mwalimu wangu." Afadhali angenipiga.

Jumamosi iliyopita tulikwenda nyumbani kwake mafundi wanne kulimaliza gari lile. Nilifunga mimi. Nilipomaliza nilimgeukia, kama tunavyofanya siku zote. Alinyoosha mkono hadi karibu na pini, kisha akaurudisha. Akamwita Shangazi, akamshika kidole, akakipeleka hadi penyewe, akamweleza taratibu tundu liko wapi na ncha za pini zinapaswa kuchoma vipi. Gurudumu liliporudi, Shangazi alilitikisa kwa woga. "Tikisa kama unaniamsha," mzee akamwambia. Akatikisa kwa nguvu zake zote, akasema, "Halichezi." Akapewa chaki, akaandika alama yake. Alikuwa na kovu bichi juu ya jicho.

Gari lile sasa ni zima kuliko gari lolote la hapa kazini, na halina dereva. Nyayo za mzee nazo zimekufa ganzi, na daktari amemkataza pedali. Shangazi hakuwahi kujifunza kuendesha. Nilijitolea kumpeleka kwa dada yake siku yoyote atakayotaka. Alinishukuru kwa upole, akanimiminia chai, akasema labda siku nyingine. Simlaumu. Gari limefunikwa turubai pale uani, na alama ya chaki iko kwenye tairi.

Kwa niaba ya karakana, madereva na wagonjwa wote waliofika salama bila kujua ni nani wa kumshukuru, tunasema asante. Jana nilikuwa mtu wa pili kwa fundi mkuu mpya. Nilimwomba asubiri, nikaigusa pini, nikalitikisa gurudumu mbele ya watu wote. Alinuna. Nikalitikisa tena.

Mzee Chaki, Mungu akupe siku nyingi na tulivu, na mikono ya kukushika pale yako isiposikia. Ulitupa sisi sote mtu wa pili. Siku ulipomhitaji wewe, mtu huyo nilikuwa mimi, na sikuinama. Nisamehe. Kaa salama, mzee wangu.