Taa Mbili, Matundu Saba

Kijiwe cha kijiji cha Baleni ni gogo la mnazi lililolazwa mbele ya jiko la kahawa. Asubuhi hiyo Hemedi alikaa hapo amepakata taa mbili za ukutani zenye umbo la chaza, kama mtu aliyepakata mapacha. Kesho mkewe Mize angerudi na kichanga chao cha tatu, baada ya siku arobaini za uzazi kwa mamake Kiegeani, na Hemedi alishamwapia kwamba atakuta taa zinawaka chumbani. Jina la mtoto alilichagua kwa siku moja. Taa zilimla wiki mbili. Ameshatoboa matundu saba, na bado zimo mapajani.

— Saba! akasema Kheri, aitwaye Injinia kwa kuwa aliwahi kuwashikia ngazi mafundi wa umeme. Kwa taa mbili?

— Ukuta umeota tetekuwanga, Injinia. Nikiutazama najikuna mwenyewe.

— Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Ziweke juu kabisa, wewe lala chini uzingoje.

— Nilianzia huko. Zikammulika mjusi, sisi tukabaki gizani.

Mansuri akatua kikombe. Huyu huitwa Nahodha, ingawa akipanda boti hutapika kabla haijang'oa nanga.

— Taa ni alama za bandarini. Moja kushoto, moja kulia, mke apite katikati asigonge mwamba.

— Mwamba gani chumbani, Nahodha?

— Wewe hapo, umelala.

Kijiwe kikaangua kicheko, Hemedi akiwazidi wote.

— Achana na huyo, Injinia akadakia. Weka taa moja, kioo mbele yake: zimekuwa mbili. Kioo kingine: nne. Haba na haba hujaza kibaba!

— Basi na mimi nitaonekana wanne, Hemedi akasema. Mize, huyu mmoja tu ameshamchosha.

Hapo akafika Sabra, jirani yake Hemedi, mwana mgongoni, chupa ya chai mkononi, amekuja kumchukulia kahawa mavyaa wake, mama wa mumewe.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanetu.

Sabra hakucheka. Akaichukua taa moja, akaipangusa vumbi kwa ncha ya kanga, akairudisha.

— Nzuri, shemeji. Mize akilala kumnyonyesha mtoto, hulalia ubavu gani? Taa isije ikampiga kichanga machoni.

Nahodha, mwenye wake wawili na watoto tisa, akachungulia ndani ya kikombe chake. Injinia akapaliwa.

— Watoto watatu, Sabra, Hemedi akasema taratibu. Na mimi nilikuwa humo humo, nakoroma. Sijui.

Injinia akanyanyuka, akazitoa taa mapajani mwa Hemedi polepole, kama anayempokea mtoto aliyelala.

— Panda pikipiki uende Kiegeani ukamwulize. Usimpigie, nenda. Sisi tutakuzibia matundu.

— Yazibeni, ndugu zangu, Hemedi akasema akitafuta kandambili zake. Ila wallahi, msiongeze la nane.