Muhula wa Kwanza wa Mwalimu Nzau

Mchungaji, wazee wetu, majirani wa Matinyani, na nyinyi mliotoka Mwingi asubuhi na mapema, mimi ni Katunge, dada mkubwa wa marehemu, familia imenipa kazi hii kwa sababu wanasema sauti yangu inafika nyuma bila kipaza sauti, basi nisikilizeni.

Ndugu yetu Nzau Ndolo alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 hapa Matinyani, mtoto wa tatu wa marehemu Ndolo na mama yetu Kanini, ambaye amekaa pale mbele na hajala vizuri tangu siku ile. Alianza shule ya msingi hapa hapa mwaka wa 1978, akamaliza sekondari Kitui mjini mwaka wa 1989, akaenda chuo kikuu Nairobi kusomea ualimu wa historia, akahitimu mwaka wa 1995 na kupelekwa kufundisha Makueni, ambako alimpata Kathini, wakafunga ndoa kanisani mjini Wote tarehe 12 Agosti 2000, na Mungu akawajalia Ndinda na Kyule.

Mwaka wa 2012 alihamia Mwingi, akaajiriwa katika Chuo cha Jamii cha Kyandula, na hapo ndipo mambo yalipoanza. Mwishoni mwa 2015 ulikuja mfuko mmoja wa ng'ambo unaolipia wahadhiri wageni wafundishe katika vyuo vidogo, wakasema wana mtaalamu wa lugha na historia ya Waajemi, na mkuu wa chuo, ambaye alitaka mgeni yeyote hata wa kufundisha kuruka, akakubali mara moja. Dkt. Golnar alifika Januari 2016, Nzau akapewa kazi ya kumtunza, lakini akaingia darasani akakaa dawati la mbele na wanafunzi, mtu mzima na kitambi chake, kwa sababu miaka ishirini alikuwa amewafundisha watoto kwamba Waajemi walifika pwani yetu, na hakuwa amewahi kusikia hata mmoja akizungumza.

Aprili muhula ukaisha, kibali cha mgeni hakikuongezwa, akaondoka akisema muhula wa pili atakuja mwingine, na Nzau akaamini. Kila Januari yeye mwenyewe alianza kufundisha upya wanafunzi wapya, salamu, majina, siku za wiki, wafalme wa kale, akifika pale Dkt. Golnar alipofunga kitabu anasimama, na wakimuuliza mbele kuna nini anawaambia mwalimu yuko njiani. Tulimwambia ajifunze kwa simu amalizie mwenyewe, akakataa katakata, akasema kumfundisha mtoto wa mtu kitu usicho na hakika nacho ni kumdanganya. Hapa kanisani kuna waliosema amebadili dini, tena mnajijua, na kule Mwingi wazazi Waislamu wakamuuliza kwa nini asifundishe Kiarabu ambacho angalau watoto wanakitumia madrasa, naye akawajibu wote kwa upole uleule ulionichosha mimi.

Kila mwaka aliuomba ule mfuko mwalimu wa pili, na kila mwaka wakamjibu kwamba wao hulipia chuo chenye wanafunzi wa ngazi ya pili, sasa niambieni jamani, ngazi ya pili itatoka wapi bila mwalimu? Bila ngazi ya pili hakuna cheti, kwa hiyo kina Ismahan, binti wa Mzee Sharmarke mfanyabiashara wa ng'ombe, walisoma na wakatoka mikono mitupu, na bado walikuwa wanarudi Jumamosi kumsikiliza akirudia yaleyale.

Mwaka wa 2022 figo zake zilianza kushindwa, na kuanzia Juni 2023 alikuwa akisafishwa damu Kitui kila Jumatatu na Alhamisi, Kathini akimpeleka na kumrudisha bila kulalamika. Januari mwaka huu afisa wa mfuko, kijana anayeitwa Ben, alipiga simu akasema wakubwa wake watapita Mwingi Alhamisi tarehe 6 Februari, wakiona darasa linafundishwa huenda wakafikiria. Nzau hakwenda hospitali siku hiyo. Alivaa koti, akawapanga wanafunzi wa zamani na wapya, akafundisha kutwa nzima miguu ikiwa imevimba, na saa kumi Ben akapiga simu kwamba wakubwa wameambiwa barabara ya Garissa si salama, wamegeuzia Thika, tutawasiliana. Mapafu yakajaa maji, na alfajiri ya Jumapili tarehe 9 Februari 2025 akatutoka. Nina hasira na watu hao, na nina hasira naye pia, nitamwambia tukikutana.

Darasa lake tayari limepewa somo la ususi, na siwezi kulaumu, wasusi wanapata kazi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani mliotuchotea maji wiki hizi mbili, walimu wenzake wa Kyandula, na Mzee Sharmarke aliyetupa lori la kuleta mahema na wanafunzi.

Wanafunzi hao waliomba nafasi ya kumuaga mwalimu wao kwa Kiajemi, nikawapa, jana wakafanya mazoezi nyuma ya jiko, na leo asubuhi Ismahan amenijia akilia, akaniambia, mama, tunajua kumsalimu, tunajua kumuuliza ametoka wapi na leo ni siku gani, lakini maneno ya kumwambia mtu aliyekufa hatukuyafikia. Kwa hiyo nitayasema mimi, kwa lugha hii tuliyo nayo. Nzau, mwana wa mama yangu, umengoja vya kutosha, hakuna anayekuja, sasa pumzika kwa amani.