Bibi Asiyeitikia Shikamoo

Ndani ya basi la kutoka Manyoni, Ritha alimwamkia baba mmoja aliyeketi pembeni yake, kisha akamwomba ajaribu mchezo wa simu. Kampuni ya matangazo anayofanyia kazi ilikuwa imeutengeneza kutangaza mafuta ya alizeti, lakini kila aliyeujaribu aliishia mwanzoni. Jioni ile mteja angeukubali au kuukataa.

Baba akabonyeza "Shikamoo" kumwamkia bibi wa kwenye kioo cha simu, akasubiri. "Endelea, baba," Ritha akasema. "Niendelee vipi? Hajaitikia." "Ni mchoro tu." "Basi mmechora bibi mwenye kiburi, mwanangu." Mama wa kiti cha nyuma akadakia, "Huenda ni kiziwi!"

Ritha hakucheka. Alimgeukia mama huyo, akamrekodi akisema "Marahaba, mjukuu wangu," akaituma sauti kwa fundi wa kampuni aiweke kwenye mchezo. Walipokuwa wanaingia stendi ya Singida, mchezo ulikuwa tayari. Baba akaamkia, akaitikiwa, akakamua alizeti za mchezoni mpaka chupa ikajaa.

"Imejaa!" Ritha akapaza sauti, na abiria wakapiga makofi, wengine bila kujua kilichojaa ni nini.

"Ngoja kwanza," baba akasema basi liliposimama, simu bado mkononi. "Mbona haniulizi habari za nyumbani?"