Kimashine cha Igoki ni cha Nani

Kijiwe chetu hapa Embu ni ubao mrefu mbele ya kibanda cha Misheck, fundi redio, na wanaokaa pale wote ni wakulima wa kahawa lakini wanakunywa chai, kahawa wanaipeleka tu faktori. Mimi sikai huko, ila asubuhi hiyo nilikuwa nimembeba Igoki wangu wa miaka minne, aliyewekewa kifuani kimashine cha kupigisha moyo, na daktari mgeni anatungoja hospitalini ng'ambo ya barabara na kompyuta yake, anasema ataongeza mwendo wa moyo bila kisu, anaweka tu kitu kama sahani juu ya ngozi na kubonyeza, na badala ya kuvuka nikaketi nikawaambia yote kwa pumzi moja.

— Bila kisu? akauliza Mutegi, wanayemwita Diploma kwa sababu alikaa chuo muhula mmoja. Basi hiyo ni kama rimoti ya TV.

— Kama inaingia kwa hewa, akasema Misheck, nikichokora redio vibaya huyu mtoto atatusomea habari. Na kuongeza mwendo ni kwa nini? Haraka haraka haina baraka.

— Moyo si punda, Misheck, akasema Diploma. Wewe ngoja uchaguzi, sote tuwe tumewekewa. Daktari atabonyeza, tarafa nzima ipige kura moja.

Wakacheka, nami nikacheka kidogo, halafu nikauliza: nikikataa, nina haki? Hicho kimashine ni chetu au ni chake?

Mzee Bundi, mfuga nyuki kutoka Mbeere, akaweka kikombe chini.

— Mama Igoki, mzinga wangu uko kwa mti ya Njiru. Uko na alama ya ukoo wetu. Njiru hagusi, asali ni yangu.

— Kwa hivyo, mzee?

— Kwa hivyo kimashine ni cha daktari. Mtoto ni mti.

— Mzee, umeita mtoto wa watu mti, akasema Diploma.

— Mti ya maana.

Nikamkumbatia Igoki. Hapo akafika mama mmoja, Wambeti, kuchukua redio yake, akasimama akisikiliza.

— Samahani, akasema. Huyo daktari akibonyeza na mtoto azidiwe, anajua kurudisha mwendo vile ulikuwa?

Diploma akakohoa. Mzee Bundi akachungulia chai. Misheck akaanza kutafuta redio ya Wambeti, nayo iko mbele yake mezani.

Nikavuka barabara, mkono wangu ukiwa kifuani kwa Igoki, na kabla daktari hajaniambia niketi, nilikuwa nimeshamuuliza swali la Wambeti.