Moto Nilioogopa Kuuitikia Amina

Jina la Bwana lisifiwe, ndugu zangu. Mimi ni Mama Neema wa Gungu, yule anayewauzia sabuni za mawese pale sokoni Mwanga. Nimesimama kushuhudia, ila nawaambia mapema: mambo mengine sijayaelewa mpaka leo.

Neema wangu alizaliwa kabla ya siku zake. Alikuwa mdogo, na kila alipovuta pumzi kifua kilibonyea ndani, akawa anaguna. Daktari, dada mmoja mpole, akaniambia mapafu yake hayana utelezi, yanagandamana kama mfuko wa nailoni uliolowa. "Tutamwekea dawa kwa mpira mwembamba, mama. Inafanya kazi kama povu la sabuni, inayaachanisha."

Sabuni! Ndugu zangu, mimi najua sabuni. Ikiingia jichoni tu mtoto analia. Mama mkwe wangu, aliyetoka Ilagala kuja kuniuguza, akashika kichwa: "Imana yanje, Mungu wangu, wanataka kumfua mtoto?" Daktari akatuelewesha kwamba si sabuni ya kufulia, ni utelezi ambao mtoto aliyekomaa huzaliwa nao. Nikakubali, nusu naelewa, nusu sielewi.

Akawekewa, akapumua vizuri, tukashukuru. Kesho yake kifua kikaanza tena kubonyea. Daktari akasema, "Amepata maambukizi. Mapafu yanawaka moto kwa ndani, na huo moto unaliharibu povu. Tunatibu maambukizi, na povu tutamwongezea."

Sasa sikieni. Mlangoni pa wodi nikawakuta akina mama wa maombi, nyinyi wenyewe mnaonisikiliza, mikono juu: "Moto! Shusha moto, Bwana! Moto kwenye mapafu!"

Nilichanganyikiwa. Mdomo wangu umezoea kuitikia Amina, siku hiyo ukakataa. Nikawaza, Mungu akiwasikia hawa, mwanangu kwisha. Na nikiwakataza, je, nitakuwa nampinga Roho? Mama mkwe akaninong'oneza, "Itikia, watasema umerudi nyuma." Nikapiga magoti, nikasema kimoyomoyo: Bwana, hawa wana nia njema. Moto wao upokee, ila usiuweke kifuani kwa Neema. Yeye mpe povu.

Akaongezewa dawa. Siku zile zilikuwa ndefu, na mimi niliogopa kila saa. Kidogo kidogo kuguna kukapungua, kifua kikatulia, na asubuhi moja akanyonya mpaka akasinzia.

Ni dawa? Ni maombi? Na maombi yapi, yenu au yangu? Sijui. Najua mwenye pumzi ni mmoja, na daktari yule ni mtumishi wake pia.

Wewe uliye na jambo lisiloeleweka, mwendee Mungu hivyo hivyo, hata kama umekosa neno la kusema; yeye anajua unachotaka. Neema ndiye huyu mgongoni, anaguna, lakini huku ni kuguna kwa usingizi tu. Mchungaji, utakapomwekea mikono, nakuomba kitu kimoja: huyu usimwitie moto.