Bi Kwanini, Mtafiti Aliyeipinga Makala Yake Mwenyewe

Dada yetu mpendwa, ambaye nyumbani na chuoni aliitwa Bi Kwanini, alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa tatu wa karani wa posta na mkunga. Mama alisimulia kwamba alitambaa wiki mbili tu, akaona anacheleweshwa, akasimama.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1974, akaenda sekondari ya bweni. Huko alirudishwa nyumbani siku tatu kwa kumuuliza mwalimu mkuu, mbele ya wazazi wote, ni nani anayemkagua yeye. Baba alipomsindikiza kurudi shuleni alimwambia, "Swali lako zuri, mwanangu. Ila siku nyingine mngoje mgeni rasmi aondoke." Alipata shahada ya biashara mwaka 1984 na ya uzamili mwaka 1988.

Tarehe 12 Desemba 1987 alifunga ndoa na shemeji yetu, mwalimu wa hesabu. Alipoposwa aliomba muda wa wiki mbili, pamoja na majina ya watu watatu wanaomjua mchumba vizuri lakini si rafiki zake. Shemeji aliyaleta. Walijaliwa binti na mwana, na nyumba ambayo makochi yake hayakukaa mahali pamoja mwezi mzima.

Alianza kufundisha chuo kikuu mwaka 1989. Makala yake ya mwaka 1999, iliyochunguza kampuni arobaini na moja, ilionyesha kwamba kampuni hustawi zaidi zikiwa na wajumbe huru wengi kwenye bodi, yaani watu wasio na undugu wala biashara na wenye kampuni. Ilimpa jina kubwa.

Mwaka 2006 kiwanda kimoja cha rangi kilimwalika awe mjumbe huru. Katika kikao cha tano, mwenyekiti alipendekeza kazi yote ya usambazaji apewe mkwewe. "Kuna mwenye neno?" akauliza. Wajumbe huru walikuwa watano. Mmoja alikuwa akikoroga chai isiyo na sukari. Bi Kwanini naye akanyamaza. Pendekezo likapita, na wenzake waliondoka pale wakipeana mikono. Yeye alifika nyumbani akazunguka meza bila kuvua viatu.

"Nimekaa pale kama kiti," alimwambia mumewe. "Na kwenye utafiti wangu, kiti kile kinahesabiwa kuwa ni jambo jema."

Alijiuzulu, akaliandikia jarida lililochapisha makala ile kwamba hitimisho lake halisimami tena. Mkuu wa kitivo alimsihi, "Dada, unajiharibia. Uprofesa uko mlangoni." Kweli, uprofesa ulichelewa miaka sita. Yeye alikuwa barabarani, ofisi hadi ofisi, akiwaomba makatibu wa bodi wamweleze nani aliuliza swali na nani alisema hapana. Kitabu chake cha mwaka 2014 kilisema kwamba idadi ya wajumbe huru haielezi mengi. Kikubwa ni kama kuna anayeuliza kabla uamuzi haujapita. Kisa cha ukimya wake alikisimulia kwa kila darasa, bila kujipunguzia hata kidogo.

Februari 2022 figo zake zilianza kushindwa. Kusafishwa damu, saa nne kwenye kiti kimoja, mara tatu kwa wiki, kulimtesa kuliko sindano. "Mama, tulia," muuguzi alimwambia. "Nikitulia, mwanangu, nitasinzia kama mjumbe wa bodi."

Siku mbili kabla hajatuacha alimwita bintiye. "Zile kampuni saba za kitabu changu, bodi zao ziliuliza vizuri kabisa, na bado zikaanguka. Nimeacha kuuliza nini?"

"Mama, hilo litasubiri."

"Lisisubiri. Mpe yule mwanafunzi ninayemsimamia utafiti yale mahojiano yote ya makatibu. Mwambie asinitetee."

Alifariki hospitalini Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu. Mahojiano yamekabidhiwa, na mwanafunzi ameshaanza kumkosoa.

Ameacha mume, binti ambaye ni fundi umeme, mwana ambaye ni daktari wa mifugo, mkwe mmoja, wajukuu watatu, kaka wawili na mdogo wake anayesoma maneno haya. Mwenyezi Mungu ampe pumziko, ambalo hapa duniani hakuwahi kulikubali.